Masikio ya Kando ya Reli

Rochelle ni mji mdogo wa jimbo la Illinois, kilomita 130 hivi magharibi ya Chicago. Hauna mengi ya kumsimamisha mpita njia, ila reli mbili kubwa zinakatana katikati yake, chuma juu ya chuma: moja ya Union Pacific, nyingine ya BNSF. Mwaka 1998 mji ulifungua bustani pembeni ya makutano hayo. Humo kuna kibanda cha kukalia, na kibandani pametundikwa spika. Ukikaa hapo na chupa yako ya chai, spika inakoroma, inanyamaza, inakoroma tena, kisha sauti ya mwanamume aliyechoka inataja namba ya injini, namba ya maili na upande anakoelekea. Sauti nyingine inamjibu kwa namba zile zile. Dakika chache baadaye ardhi inaanza kutetemeka.

Kinachosikika ni redio ya upepo ya reli, ile ambayo madereva wa treni, makondakta na makontrola wanaowaongoza kutoka mbali wanaitumia kazini. Kipokezi cha kawaida kabisa kimeinasa, spika imeitoa hadharani, na yeyote apendaye aketi asikilize. Wanaoketi ni wastaafu, watoto waliobebwa na babu zao, vijana wenye kamera za bei ya gari. Wengine wametoka mbali. Asiyejua atauliza, na ana haki ya kuuliza: mtu mzima aendeshe gari saa nzima kwenda kusikiliza namba?

Jibu langu ni kwamba namba hizo hazikusemwa kwa ajili yake, na hapo ndipo ladha ilipo. Karibu kila neno la kampuni kubwa linalotufikia siku hizi limekwisha kuoshwa na kupigwa pasi. Tangazo la stesheni limerekodiwa studio, taarifa kwa waandishi imepita mikononi mwa wanasheria, na hata kuomba radhi kuna ofisi yake. Kwenye spika ya Rochelle kazi inajisemea yenyewe. Kondakta anayemwambia dereva wake arudi nyuma mabehewa matatu hajui kama mimi nipo, wala hajali. Sauti yake ina mafua kama ana mafua. Ina hasira kidogo kama amesimamishwa nusu saa kwenye njia ya kupishania akisubiri treni ambayo haijaonekana. Mtu anayetaka kujua nchi inavyosafirisha ngano, magari na kemikali zake atajifunza mengi kibandani hapo ambayo hayamo kwenye ripoti ya mwaka ya kampuni yoyote.

Vifaa vyenyewe ni vya kawaida mno. Reli za Marekani zinazungumza katika kipande chembamba cha masafa, kuanzia megahezi 160.215 hadi 161.565. Kipande hicho kimegawanywa chaneli 91, zimepewa namba kuanzia 7 hadi 97, na kati ya chaneli na jirani yake pana kilohezi 15. Kila reli ina chaneli zake kwa kila sehemu ya njia: moja ya barabarani, ambayo treni zinaongea zikiwa safarini, nyingine ya uwanja wa kupanga mabehewa, nyingine ya mafundi wa njia. Anayesikiliza anaandika chaneli hizo kwenye daftari kama mvuvi anavyoandika miamba yake, na kuna wanaozijua kwa moyo kuliko namba za simu za watoto wao.

Kipokezi kinaitwa skana kwa sababu kinazunguka chaneli moja baada ya nyingine na kusimama pale panapotoka sauti. Skana za mwanzo zilitumia vipande vya kristali. Kila chaneli ilidai kristali yake, ambayo ilinunuliwa peke yake na kuchomekwa ndani ya sanduku. Aliyetaka kusikiliza reli nne alilipia kristali nne, na kabla ya kulipa alilazimika kujua anatafuta nini. Baadaye zikaja skana za kubonyeza namba. Jina la Bearcat likawa maarufu, na mwaka 1984 likanunuliwa na kampuni ya Uniden ya Japani, ambayo mpaka leo inauza skana za mkononi kwa jina hilo. Maduka ya RadioShack yalizisambaza hadi miji midogo isiyokuwa na duka jingine la elektroniki.

Kisha mwaka 2012 wajuzi wa kompyuta walithibitisha kwamba kijiti cha plastiki kilichouzwa kwa ajili ya kutazama televisheni kwenye kompyuta, chenye chipu ya RTL2832U, kinaweza kugeuzwa kipokezi cha karibu masafa yote. Bei yake ni ya chakula cha jioni cha watu wawili. Ukikichomeka, programu inakuonyesha masafa yote ya reli kwa wakati mmoja, yakiporomoka kwenye kioo kama maporomoko ya rangi ya buluu, na kila anayebonyeza kitufe cha kusemea anaacha mstari wa njano. Unaona watu wakiongea hata kabla hujachagua nani wa kumsikiliza. Ni jambo la ajabu, na wakati mwingine nadhani limezidi. Mwenye kristali nne alisikiliza. Mwenye kijiti hiki mara nyingi anatazama tu.

Jambo moja halikubadilika tangu enzi za kristali: antena ndiyo inayofanya kazi, redio inapewa sifa. Kijipira kifupi kinachokuja na skana kimetengenezwa kipokee kila kitu, kwa hiyo hakipokei chochote vizuri. Mawimbi ya reli yana urefu wa karibu mita 1.87. Robo yake ni sentimita 47, na waya wa kipimo hicho, uliosimamishwa wima juu ya paa, utakuletea treni ambazo skana ya bei mbaya iliyowekwa sebuleni haitazisikia kamwe. Injini inarusha kwa wati makumi kutoka kwenye antena iliyo juu ya paa lake, basi dereva utamsikia akiwa mbali. Kontrola utamsikia kutokana na mnara ulio karibu nawe. Kondakta aliyeshuka na redio ya mkononi ndiye mgumu kupatikana, naye ndiye mwenye habari, maana ndiye anayetembea kando ya mabehewa.

Kabla ya sauti palikuwa na waya. Mwaka 1851 msimamizi wa reli ya Erie, Charles Minot, alikwama kwenye stesheni ya Turner's, jimbo la New York, akisubiri treni ya upande wa pili ambayo haikutokea. Kanuni za wakati ule zilitaka asubiri. Badala yake alipiga simu ya maandishi hadi Goshen, maili 14 mbele, akauliza kama treni ile imepita. Haikuwa imepita. Akaagiza izuiliwe hapo, kisha akamwamuru dereva wake aondoke. Kisa kinavyosimuliwa, dereva alikataa katakata kuendesha kwa kuamini waya. Minot akashika usukani mwenyewe, na dereva akaenda kukaa kwenye kiti cha nyuma kabisa cha behewa la nyuma kabisa, mahali alipodhani atapona wakigongana. Hawakugongana. Tangu siku hiyo treni za Marekani zimeendeshwa kwa neno la mtu aliye mbali, asiyeiona njia.

Simlaumu yule dereva. Alichokuwa akiuliza ni swali la busara: nitajuaje kwamba neno nililolipata ndilo neno lililotumwa? Karne moja na nusu ya kanuni za reli imekuwa ni kulijibu swali hilo. Kwa miaka mingi amri ziliandikwa na mpiga simu wa stesheni kwenye karatasi nyepesi, zikafungwa kwenye fimbo, na wafanyakazi wa treni wakazidaka mkononi treni ikipita bila kusimama. Mwaka 1945 serikali ilizitengea reli masafa ya redio, na taratibu neno likatoka kwenye karatasi likaingia hewani, ambako ni rahisi zaidi kupotea.

Ndiyo maana mazungumzo ya reli yana ukavu ule unaomshangaza mgeni. Kwenye njia zisizo na taa za kutosha, kontrola anamsomea kondakta kibali: injini fulani iende kutoka mahali fulani hadi mahali fulani kwenye njia kuu. Kondakta anajaza fomu yake. Akimaliza, anamsomea kontrola yote aliyoandika, na namba anazitamka tarakimu moja moja, nne kisha mbili, asije mtu akasikia sitini na mbili. Kontrola anafuatisha. Yakilingana, anataja saa na herufi za jina lake, na hapo ndipo kibali kinapata nguvu. Kabla ya hapo hakuna kibali. Aliyeshika usukani wa treni inayokwenda haruhusiwi hata kuandika fomu hiyo. Ama kondakta aandike, ama treni isimame.

Aliyehudhuria ndoa ya Kiislamu atautambua utaratibu huu. Bwana harusi hakubaliwi kwa kutikisa kichwa. Walii anatamka, naye anajibu kwa maneno kamili yanayosikika, na akijikwaa shehe anamrudisha mwanzo, hata kama jamaa wanacheka. Sisi wa kibandani ni mashahidi ambao hawakualikwa. Lakini ukishasikia vibali vingi unaanza kushika pumzi pale kondakta anaporudia maili, na akikosea tarakimu moja na kontrola akamsahihisha kwa sauti ile ile isiyo na lawama, unaelewa kwamba umesikia ajali ikizuiwa, na hakuna gazeti litakaloiandika.

Zamani treni ya mizigo ilikuwa na watu nyuma pia. Behewa la gadi lilifungwa mkiani, na gadi alikaa kwenye kijumba kilichoinuka juu ya paa akitazama mgongo wa treni yake. Moshi ukitoka kwenye ekseli aliuona. Beringi ikiungua aliinusa. Katika miaka ya 1980 kampuni za reli zilimwondoa, na mahali pake pakawekwa kisanduku chenye taa inayomweta, kinachopima shinikizo la upepo wa breki mkiani na kulirusha mbele kwa dereva kwenye megahezi 457.9375. Wasikilizaji walikigundua mara moja. Kwa kuwa nguvu yake ni ndogo, mlio wake ukisikika kwenye skana maana yake treni iko karibu, hata kama wafanyakazi wake hawajasema neno tangu asubuhi. Ni kifaa kizuri kwa kazi yake. Pua hakina.

Kazi ya kunusa ilipewa mashine za njiani, na hizi ndizo zinazopendwa kuliko zote kwenye spika. Kila baada ya maili kadhaa kando ya njia kuna kibanda kidogo. Vihisio vilivyo pembeni ya chuma vinahesabu ekseli zinazopita, macho ya infraredi yanapima joto la kila beringi, na bamba lililo chini linagongwa na chochote kinachoburuzwa. Treni ikimaliza kupita, mashine inaongea redioni kwa sauti iliyorekodiwa: jina la kampuni, maili, njia, hakuna kasoro, idadi ya ekseli, mwisho. Watoto wa Rochelle hugawanya ekseli kwa nne kupata mabehewa, wakashindana nani amepata jibu kwanza. Mashine ikiona kasoro inataja ekseli ya ngapi kutoka mbele na upande gani. Hapo kondakta anashuka, usiku au mvua, na kuanza kutembea juu ya kokoto akihesabu magurudumu, pengine zaidi ya kilomita moja, mpaka alifikie moja na kuliwekea mkono karibu.

Kwa miaka mingi nililichukulia neno hilo, hakuna kasoro, kama dua iliyojibiwa. Kisha ikatokea East Palestine.

Tarehe 3 Februari 2023 treni ya Norfolk Southern iliyotoka Madison, Illinois, kwenda Conway, Pennsylvania, ilikuwa inavuka mashariki ya Ohio usiku. Beringi moja ya behewa la 23 ilikuwa inakufa. Kwenye mashine ya Sebring, joto lake lilizidi joto la hewa kwa nyuzi 21 hivi za Selsiasi. Kilomita 17 na nusu mbele, Salem, lilizidi kwa nyuzi 57. Kanuni za kampuni zilitaka treni isimamishwe tofauti inapofika kama nyuzi 94, kwa hiyo Salem hapakuwa na amri ya kusimama. Mashine iliyofuata ilikuwa kilomita 31 mbele, East Palestine kwenyewe, na hapo tofauti ilikuwa nyuzi 141. King'ora kililia redioni, dereva akafunga breki, lakini beringi ilikwisha kusagika. Mabehewa 38 yaliacha njia saa 2:54 usiku, 11 kati yake yakiwa na kemikali za hatari. Siku tatu baadaye matangi matano ya kloridi ya vinili yalitobolewa na kuchomwa kwa makusudi, wingu jeusi likasimama juu ya mji ambao wakazi wake walikuwa wamehamishwa. Bodi ya uchunguzi wa ajali za usafiri ya Marekani, NTSB, ilikuja kusema mwaka 2024 kwamba uchomaji ule haukuwa wa lazima.

Mtu aliyekaa Salem na skana yake usiku ule, mwenye antena nzuri na chaneli sahihi, hakuwa na la kutisha la kusikia. Nalirudia hilo kwa sababu sisi wapenzi wa redio tuna tabia ya kudhani kwamba masikio yakiwa wazi basi siri imekwisha. Redio ilikuwa wazi. Kilichosemwa redioni kilikuwa sahihi kwa kipimo kilichowekwa, na kipimo kilikuwa kimewekwa na watu wenye ratiba za kutimiza, wanaojua gharama ya kila treni inayosimama bure. Namba 57 ilikuwepo, ilikwenda kwenye kompyuta za kampuni, haikupita mdomoni mwa mtu yeyote. Na bado kuna jambo linalonisumbua zaidi. Kamera ya ulinzi ya kiwanda kimoja cha Salem ilikuwa imepiga picha za treni ile ikipita na mwanga wa moto chini ya behewa. Picha zikaja kuonekana baadaye. Gadi wa mwaka 1975 angeuona moto huo.

Sheria ya Marekani inaachia masikio nafasi ambayo nchi nyingi haziachii. Sheria ya mawasiliano ya mwaka 1934 inakataza kunasa maneno ya redio ya watu na kuyatangaza au kuyafanyia faida. Sheria ya faragha ya mwaka 1986 nayo iliyafunga mazungumzo ya simu za mkononi, ila ikayaacha wazi mawasiliano ya redio za kazini yanayopatikana bila kuvunja kufuli yoyote. Kwa hiyo bibi wa Illinois anaweza kuwasikiliza makontrola akimenya viazi. Uingereza, kitendo hicho hicho ni kosa chini ya sheria ya mwaka 2006, ingawa maduka yanamuuzia mtu skana bila kumuuliza anaifanyia nini. Majimbo machache ya Marekani yanabana skana ndani ya magari, hofu yao ikiwa wezi wanaowasikiliza polisi. Treni hakuna aliyezifikiria.

Na kifaa chenyewe kina adabu yake: skana haina kitufe cha kusemea. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana. Agosti 2023, kaskazini-magharibi ya Polandi, zaidi ya treni 20 zilisimama ghafla kwa sababu kuna aliyerusha hewani milio mitatu ambayo redio za reli za nchi hiyo huitambua kama amri ya dharura ya kufunga breki. Akachanganya na wimbo wa taifa wa Urusi. Milio ile haikuwa na ulinzi wowote. Marekani nayo, Julai 2025 shirika la serikali la usalama wa mitandao, CISA, lilitoa tahadhari kuhusu kile kisanduku cha mkiani: mazungumzo yake na injini hayana uthibitisho wa kutosha wa nani anayeongea, na mtaalamu mmoja alikuwa amelisema hilo tangu 2012. Swali la dereva wa Minot limerudi. Nawaelewa wanaotaka kufunga kila kitu kwa msimbo. Ila nawaomba watofautishe mlango wa kuingilia na dirisha la kuchungulia. Kisanduku cha mkiani kinahitaji kufuli kwa sababu kinaweza kuamriwa. Sauti ya kontrola haiwezi kuamriwa na bibi wa viazi.

Hata hivyo dirisha linafungwa taratibu, bila mtu kulifunga kwa makusudi. Tarehe 12 Septemba 2008, Chatsworth, California, treni ya abiria ilipita taa nyekundu na kugongana uso kwa uso na treni ya mizigo ya Union Pacific. Watu 25 walikufa. Dereva wa treni ya abiria alikuwa akiandikiana ujumbe wa simu. Mwaka huo huo Bunge lilipitisha sheria ya kuweka mfumo wa kompyuta unaoweza kuisimamisha treni yenyewe, na kufikia mwisho wa 2020 ulikuwa unafanya kazi kwenye njia za kilomita 92,500 hivi. Mfumo huo unaongea kwenye masafa ya megahezi 220, kompyuta kwa kompyuta. Skana ikisimama hapo inatoa mchakarisho tu. Sina ugomvi nao. Asiyefurahi kwamba treni itasimama yenyewe mbele ya taa nyekundu na awaambie hivyo wafiwa wa Chatsworth. Ila sehemu ya maneno yaliyokuwa yakisikika kibandani sasa yanapita kimya juu ya paa la kibanda.

Redio za sauti nazo zimeandaliwa. Tangu 2013 kampuni za reli zimetakiwa kubana chaneli zao, na nyingi zimenunua redio zinazoweza kuongea kidijitali kwa mfumo wa NXDN. Nyingi bado zinaongea kwa njia ya zamani, kwa sababu kubadilisha redio za nchi nzima kwa siku moja ni ndoto. Siku zikibadilika, atakayetaka kusikia atahitaji skana inayoelewa mfumo huo, na wakiweka msimbo hata hiyo haitamfaa.

Anayetaka kujua mwisho wa safari hiyo ulivyo anaweza kushuka Pugu. Reli mpya ya kisasa ya Tanzania, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwaka 2024, imejengwa tangu mwanzo na mfumo wa Ulaya wa kuongoza treni, pamoja na simu yake maalumu ya reli, GSM-R. Dereva anaongea na kituo kama wewe unavyoongea na shangazi yako kwa simu: wawili tu. Treni inapita Soga na Ngerengere kwa kasi ambayo reli nyingi za mizigo za Illinois haziijui, na kijana wa Ngerengere mwenye kijiti cha RTL hatapata hata neno moja. Hatajua kwamba amekosa kitu, maana hakikuwahi kuwepo.

Wamarekani wanakifahamu wanachokipoteza, na wakati mwingine kampuni zenyewe zimekiri thamani yake. Mwaka 2006 BNSF ilianzisha mpango wa kuwaandikisha wapenzi wa treni ili watoe taarifa za mambo yasiyo ya kawaida kando ya njia. Tasnia iliyowaondoa magadi ilikuwa inawaajiri tena, bila mshahara, kwenye viti vya kukunja. Siwezi kuacha kutabasamu nikilifikiria hilo, lakini wazo ni zuri. Baada ya behewa la gadi kuondoka, mtu pekee anayeitazama treni nzima ubavuni, kutoka injini hadi taa inayomweta, ni yule aliyesimama nje yake. Mara nyingi amekuja hapo kwa sababu redio ilimwambia inakuja.

Na njia ya kujibu ipo, isiyopita kwenye skana. Kwenye kila makutano ya barabara na reli, kanuni iliyotakiwa kutekelezwa kikamilifu kufikia Septemba 2015 imeweka kibao kidogo cha buluu. Kina namba ya simu ya dharura ya kampuni, na namba ya kivuko chenyewe, tarakimu sita na herufi moja. Wapita njia wengi hawajawahi kukisoma. Wenye skana wamekikariri. Mtu akiona mabehewa yanapita na moshi mweupe unatoka kwenye gurudumu, au kamba ya chuma inaburuzwa na kutoa cheche, anapiga namba ile, anataja kivuko, anaeleza ni upande gani na behewa kama la ngapi kutoka nyuma. Anayepokea ni mtu aliye jimbo jingine. Anauliza maswali mawili matatu, anashukuru, anakata.

Kisha mpigaji anaongeza sauti ya skana. Inachukua muda. Kontrola anaiita injini kwa namba yake, inaitika. Anasema amepata taarifa ya mtu wa nje kuhusu moshi upande wa kaskazini, karibu na mkia, wasimame na kukagua. Dereva anarudia: moshi, upande wa kaskazini, karibu na mkia, tunasimama kukagua. Kontrola anasema ndivyo. Breki zinaanza kulia maili mbili kutoka pale, na kondakta anauliza kama mtu huyo alisema behewa la ngapi.